Shule ya Kokoto na Mgeni Aliyeondoka Bila Kula

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta ofisi ya mwalimu mkuu imejaa mbuzi. Walikuwa wamejilaza kivulini kwa raha zao, na mmoja alikuwa anatafuna ramani ya Tanzania iliyoanguka kutoka ukutani. Alikuwa ameshaumaliza Mkoa wa Kigoma na sasa anaelekea Tabora.

"Mbukwenyi, Mwalimu," akanisalimu kwa Kigogo Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, mzee mrefu mwenye kofia ya pama, huku akiwaswaga mbuzi kwa fimbo. "Usichukie. Wamezoea kwamba ofisi hii haina mwenyewe."

"Kuanzia leo anaye," nikamjibu.

Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, kama mtu anayepima kama mzigo huu utafika. Alikuwa mnyapara wa genge la reli kabla ya kustaafu, na macho ya unyapara hayakuwahi kumtoka. Kisha akaniletea kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake mwenyewe, na kazi yangu ikaanza.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mnaoajiriwa siku hizi kuongoza shule za aina hii, kwa sababu mmoja wenu alinipigia simu juzi akiniuliza kazi yenyewe ilikuwaje wakati wetu. Nilimjibu vibaya kwa sababu nilikuwa na unga mikononi. Sasa nimenawa.

Kwanza mjue kwamba mimi nimestaafu mara mbili. Mara ya kwanza nilistaafu serikalini kwa hiari, baada ya kufundisha Kongwa, Bahi, na mwisho Dodoma mjini ambako mume wangu alihamishiwa. Nilikaa nyumbani nikapanda maua, maua yakanichosha. Ndipo Mwenyekiti aliposikia kwa watu wa kanisani kwamba kuna mwalimu mstaafu anayegombana na maua, akaja kuniomba nikaongoze shule yao ya jamii kule pembezoni mwa Ihumwa, karibu na reli.

Shule ya jamii si ya serikali, na si ya mfanyabiashara. Wananchi hutoa kiwanja, tofali na nguvu zao, halafu hutafutwa mfadhili wa kulipa walimu, kuezeka paa na kununua vitabu. Kwetu wafadhili walikuwa shirika lenye ofisi Dar es Salaam, na katikati yetu na wao alisimama Mratibu wa Mradi, kijana aliyekaa mjini Dodoma. Alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, ila alikuwa na msamiati wake. Watoto aliwaita "walengwa". Uji aliuita "afua ya lishe". Siku moja nilimuuliza kama nyumbani kwake huwa anamwambia mkewe ampakulie afua, akacheka mpaka akavua miwani.

Shule ilikuwa chini ya mlima wa mawe. Ninyi mnaopita barabara kuu kwenda Mji wa Serikali pale Mtumba mnaona majengo ya wizara yamesimama, lakini zege lake lilihitaji kokoto, na kokoto nyingi zilipondwa kwa mkono na kina mama. Walikaa juu ya mlima ule tangu asubuhi, kila mmoja na nyundo yake na kipande cha turubai cha kumkinga na jua, wakisubiri malori. Watoto walikaa nao. Mdogo alibebwa mgongoni, wa kati alikusanya vipande, mkubwa alishika nyundo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu mkuu wa shule kama ile haikuwa kufundisha. Ilikuwa kupanda mlima. Kila asubuhi kwa muda mrefu nilipanda kuwaomba kina mama watoto wao, nikishuka na wawili, watatu, siku nyingine mikono mitupu. Ndiko nilikokutana na Mama Sechelela. Hakuacha kuponda alipokuwa anaongea nami.

"Shikamoo, Mwalimu. Sogea kidogo, mawe yanaruka."

"Marahaba. Huyu binti anasoma wapi?"

"Hapa," akasema, akinionyesha lundo la kokoto. "Na mwalimu wake ni mimi."

"Ana umri gani?"

"Alizaliwa mwaka ule wa njaa."

"Njaa ipi?"

"Mwalimu nawe! Ile kubwa."

Sechelela mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, msichana mwembamba mwenye vumbi jeupe kwenye kope, akinitazama bila kupepesa. Alikuwa amevuka umri wa kuanza darasa la kwanza kwa miaka kadhaa. Mama yake alinipa masharti papo hapo. Angesoma asubuhi, mchana angerudi kusaidia. Na asome hapa tu chini ya mlima. Shule ya serikali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na malori yale hayamwoni mtoto.

"Tena amekuwa mkubwa, kule watamcheka," akasema. "Hapa nikisimama namwona. Shule yako ikifungwa, Mwalimu, anarudi kwenye nyundo. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

Nilikubali. Na ninyi mkitaka kujua kwa nini baadaye nilipigania shule ile kwa meno, sababu ilikuwa na kope nyeupe na iliketi dawati la mbele.

Namna yetu ya kufundisha ilikuwa hivi. Hatukupanga watoto kwa umri, tulipanga kwa kile anachojua. Aliyejua kusoma silabi alikaa na wa silabi, hata kama ana ndevu. Mwalimu aliandika azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na kutoka humo akatoa andalio la somo la kila kipindi. Nilikagua yote. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyependa kuandika "somo limeeleweka" kabla ya kulifundisha, nikawa namrudishia daftari na kumwambia aniletee pia majibu ya mtihani wa mwakani. Msimu wa uwele ukianza kukomaa, madarasa yalipungua kwa sababu watoto walikwenda kuamia ndege mashambani, maana ndege wadogo wale wakishuka kwenye shamba ambalo halina mtu wanalimaliza. Tulisogeza vipindi vya hesabu vikawa jioni. Mratibu hakupenda, alisema mahudhurio yanaharibu taarifa ya robo mwaka. Nikamwambia ndege hawasomi taarifa.

Miaka ikapita namna hiyo, watoto wakapanda madarasa, na Sechelela akawakimbia wenzake. Alikuwa anaruka madarasa kama mtu anayewahi kitu. Mpaka tukafika mahali ambapo kundi letu la kwanza lilikuwa linakaribia darasa la saba, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Mtihani wa darasa la saba haufanyiki shule ambayo haijasajiliwa, na usajili unapitia kwa Mdhibiti Ubora wa Shule, ambaye zamani tulimwita mkaguzi. Alikuja mama mmoja mnene, mpole, mwenye kuona kila kitu. Alikaa nyuma ya madarasa yetu akisikiliza, akazunguka mazingira, akaingia mpaka chooni. Kisha tukakaa ofisini, ambayo wakati huo haikuwa tena na mbuzi.

"Mwalimu Mkuu, kufundisha mnafundisha," akasema. "Nimeona shule zenye vigae ambazo hazifundishi hivi. Lakini matundu ya vyoo hayatoshi, na hawa wanaokaribia darasa la saba wanasomea kwenye stoo. Siwezi kupendekeza shule hii isajiliwe."

"Na watoto wa darasa la saba?"

"Wahamishieni shule ya serikali mapema, wakafanyie mtihani huko."

Nilimfikiria Sechelela na barabara kuu. Nilimfikiria mama yake, ambaye hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili. Usiku ule sikulala vizuri, nawaambia ukweli. Niliogopa.

Mwenye uwezo wa kujenga vyoo na darasa alikuwa mfadhili peke yake. Mratibu akaandaa andiko la mradi, yaani ombi lenye maelezo marefu ya nini kinahitajika na kwa nini, akalituma Dar es Salaam. Jibu likaja kwamba kabla ya kuamua watamtuma Afisa Miradi wao aje aione shule na awaone watoto.

Mimi kwa wazazi nilisema jambo moja tu, kwamba Alhamisi tuna mgeni kutoka Dar es Salaam. Sikuongeza hata neno. Hapakuwa na haja ya kuongeza neno kwa wazazi wale.

Alhamisi asubuhi nilisimama mlangoni nikashindwa kuwatambua watoto wangu. Wameoga, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mvulana ambaye nilimjua kwa kaptula moja tu alikuwa na suruali ya kitambaa yenye pasi. Wasichana wamesukwa. Viatu! Wote wana viatu, vyeusi, vimepigwa rangi. Sechelela alikuwa na gauni la manjano lenye mikunjo, anatembea kwa uangalifu kama aliyebeba maji kichwani. Nilifurahi sana, wala sikuuliza nguo zimetoka wapi. Nilijivuna, kwa nini nifiche?

Afisa Miradi alikuwa mwanamke kijana, Mtanzania mwenzetu, mwenye sauti ya chini na kalamu isiyotulia. Aliamkia wakubwa wote mmoja mmoja, nikampenda. Watoto wakaimba, Sechelela akasoma hadithi kwa sauti bila kukwama, Mwenyekiti akatoa hotuba ndefu kupita treni ya mizigo. Mpishi wetu alikuwa ameshasonga ugali wa uwele na kupika mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza, na kwa ajili ya mgeni akaongeza kuku. Lakini ratiba ya mgeni ilimtaka afike Kongwa mchana ule ule. Dereva wake alikuwa na vyakula vilivyofungashwa ndani ya gari. Akatushukuru, akatupungia mkono, akaondoka. Kuku tukamla wenyewe.

Wiki chache baadaye Mratibu akanipigia simu, na kwa jinsi alivyovuta pumzi nilijua si habari njema.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumeharibu."

"Marahaba. Tumeharibu nini?"

"Afisa Miradi ameandika kwamba shule ni nzuri, ila watoto hawaonekani kuwa walengwa. Wamevaa vizuri kuliko watoto wa mjini. Anasema pesa hizi ni za watoto wasiojiweza, na kuna shule nyingine zinazozihitaji zaidi."

Nilikaa chini. Mlimani nyundo zilikuwa zinagonga kama siku zote, na mimi niliona kila kitu kinaporomoka kwa sababu watoto walipakwa mafuta.

"Lakini nimewaomba waturudie," Mratibu akaendelea haraka. "Atakuja mara nyingine kabla hawajaamua. Sasa, Mwalimu, safari hii watoto waje na nguo zao za kila siku. Na ikiwezekana, wale ambao nguo zao zimechanika zaidi wakae mbele."

Kwanza nilikasirika. Halafu nikaogopa tena, maana sikuwa na njia nyingine. Nikaitisha mkutano wa wazazi. Niliwaeleza bila kupamba, nikawaambia alichoandika mgeni na alichoomba Mratibu. Wengine waliangalia mikono yao. Aliyesimama alikuwa Mama Sechelela.

"Mwalimu, nikuulize. Wewe mgeni akija kwako, unamfungulia mlango na nguo ya kulalia?"

"Hapana."

"Sasa mimi mwanangu nimtoe vipi mbele ya mgeni na tambara, tena akae mbele? Anasoma kwa hilo tambara?" Akaelekeza kidole mlimani. "Umaskini wangu akitaka kuuona, mlima ule pale, apande. Simfichi. Lakini mtoto siwezi."

Nikamwambia, na wenzake wote wakinisikia, kwamba mgeni asiporidhika, shule haitasajiliwa, na Sechelela hatafanyia mtihani hapa. Nilitaka ajue gharama ya neno lake.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nalia." Na kweli alikuwa analia, lakini hakukaa chini.

Wazazi wakaunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Nilimgeukia Mwenyekiti nikitegemea busara ya bodi. Alikuwa anachezea kofia yake.

"Mimi kinachonikera ni kingine," akasema. "Yule binti alikuja kwetu akaondoka hajala. Tangu niko mdogo sijaona mgeni anaingia Ugogo, anaimbiwa, anaondoka na njaa yake. Lile lilikuwa kosa letu, tulimwachia. Mara hii hatoki bila kula."

Nilidhani mzee amepotea njia. Tunazungumza vyoo, yeye anazungumza mlenda. Lakini nilikuwa nimechoka, na jambo lenyewe lilikuwa la adabu tu, nikakubali. Nilimpigia Mratibu.

"Wazazi wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Kuwavalisha watoto matambara."

"Mwalimu, mimi sikusema matambara!"

"Ulisema wenye zilizochanika zaidi wakae mbele. Niambie wewe hayo yanaitwaje."

Akaguna. "Basi tumekwisha," akasema, akakata simu.

Siku ya pili ya mgeni, watoto walikuja wamependeza kuliko mara ya kwanza. Nadhani kina mama walifanya makusudi. Afisa Miradi alishuka kwenye gari, akawaona, na niliona uso wake ukishuka kidogo. Aliuliza maswali yake kwa upole, akaandika, akafunga daftari. Dereva akawasha gari. Hapo Mwenyekiti akaenda kusimama mbele ya gari, na fimbo yake.

"Mwanangu," akamwambia Afisa Miradi, "unakula kwanza."

"Asante sana mzee, lakini muda..."

"Unakula tunachokula. Hakuna kuku leo. Kaa hapa."

Akakaa. Sidhani kama kuna mtu angeweza kufanya lingine. Mpishi akagonga rimu ya gari tuliyoitundika kuwa kengele, na watoto, badala ya kukimbilia sufuria kama siku zote, wakajipanga mstari mbele ya darasa la pili. Kina mama wawili walikuwa wametandika kanga sakafuni mlangoni. Mtoto anaingia na gauni la mikunjo, anatoka na lake lililotiwa viraka begani. Mvulana wa suruali ya pasi akatoka na kaptula yake ileile moja. Viatu vikawekwa juu ya kanga, viwili viwili, na kila mama aliyeviweka alijua ni vya nani. Watoto wakatoka peku, wakicheka, wamepata nafuu, wakakimbilia chakula.

Afisa Miradi alikuwa amenyoosha mikono anawe. Mama Sechelela alikuwa ameshika jagi. Maji yaliendelea kumwagika na mgeni hanawi.

"Wanafanya nini?" akauliza.

"Wanavua," Mama Sechelela akamjibu. "Mlenda ukidondokea nguo hautoki vizuri, dada. Na nguo ni za watu."

"Za watu gani?"

"Majirani. Lile gauni la binti yangu ni la mtoto wa mama muuza maandazi. Viatu vile vyeusi ni vya kwaya ya kanisani. Leo kwaya nzima iko peku."

"Mmeazima? Kwa ajili yangu?"

"Si ndiwe mgeni?"

Mgeni akawatazama watoto waliokuwa wamechuchumaa na sahani zao, miguu myeupe kwa vumbi la mawe. Akamtazama Sechelela, ambaye alikuwa anakula haraka ili apande mlimani. Halafu akafunika uso kwa mikono yake yenye maji.

"Mama yangu aliniazimia viatu," akasema baadaye, kwa sauti ambayo tuliisikia mimi na Mama Sechelela tu. "Siku mkuu wa wilaya alipokuja shuleni kwetu. Vilinibana, niliimba huku machozi yananitoka. Halafu nimekuja hapa nimeandika kwamba watoto hawa wana viatu."

Mama Sechelela hakumhukumu. Alimsogezea sahani na kumwonyesha namna ya kukata uzi wa mlenda kwa kidole usije ukamfuata mpaka kifuani. Hakuweza. Ulimfuata mpaka kifuani, ukaingia kwenye blauzi yake nzuri ya Dar es Salaam, na watoto wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia shuleni pale. Na yeye akacheka. Akaongezewa, akala tena. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino, akamwomba Mama Sechelela ampeleke mlimani, na wakapanda wote wawili wakiongea. Dereva alizima gari akaenda kulala kivulini.

Mratibu ndiye aliyetuletea jibu, tena hakupiga simu, alikuja mwenyewe mbio, na alipofika hakusema afua wala walengwa. Alisema, "Mwalimu, wanajenga!" Baadaye nilisikia kwamba Afisa Miradi ameweka utaratibu kwa maafisa wenzake wote: mtu akikagua shule, anakula na watoto kabla ya kuandika chochote. Na picha ya mtoto haipigwi mpaka mzazi mwenyewe amchagulie nguo.

Tofali zilifyatuliwa na wazazi, mabati na saruji vikaja. Mdhibiti Ubora alirudi, akaingia chooni kama kawaida yake, akatoka anatabasamu. "Haya, Mwalimu Mkuu," akasema, "sasa tunaweza kuongea." Usajili ukatoka kabla ya muda wa kuorodhesha watahiniwa kwisha.

Siku ya mtihani nilifika mapema kama mtahiniwa. Msimamizi alikuja na bahasha zake, polisi akakaa mlangoni, watoto wakaingia. Mtihani ulipoanza nilihisi kuna kitu hakiko sawa na sikujua ni nini, mpaka Mwenyekiti aliponigusa bega na kunionyesha mlima. Kina mama walikuwa wameketi kila mmoja kwenye lundo lake, nyundo zimelala. Hakuna aliyewaomba. Malori mawili yalisubiri chini bila kupakia. Walikaa hivyo mpaka karatasi ya mwisho ilipokusanywa.

Nilistaafu mara ya pili miaka michache baadaye, na sasa niko Mlali, kwenye shamba la wazazi wangu, nagombana na ndege badala ya maua. Naona afadhali ndege. Yule kijana aliyenipigia simu, ambaye sasa ni mwalimu mkuu mahali fulani, aliniuliza namna ya kuzungumza na wafadhili. Namjibu hapa. Waheshimu, maana wengi wao wana nia njema na bila wao usingekuwa na paa. Waambie ukweli hata ule unaokupunguzia. Usimtumie mtoto kama bango. Na andalio la somo likaguliwe kila wiki, wafadhili wawepo wasiwepo. Huzuni zipo, kuna watoto tuliowapoteza wakarudi mlimani na sikuweza kuwashusha tena, na majina yao ninayo. Lakini nikiulizwa kama ningeifanya tena kazi ile, nitavaa viatu kabla hujamaliza kuuliza.

Kuna siku moja bado sijawasimulia. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Sechelela alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Habari ilipanda mlimani kabla sijaituma. Nilitegemea mama yake atakuja ofisini, nikaweka maji ya chai. Hakuja ofisini. Nilimkuta kwenye darasa jipya, peke yake, amekaa kwenye dawati la mbele alilokuwa anakaa binti yake. Nyundo ilikuwa sakafuni pembeni yake. Alikuwa amejifunga kanga safi na amenawa uso, ila kwenye kope vumbi lilikuwa bado lipo.

"Hongera, Mama Sechelela," nikamwambia.

"Asante. Atakuwa ananiandikia barua huko," akasema. "Sitaki nisomewe na mtu."

Akaweka mikono yote miwili juu ya dawati, akajiweka sawa, akainua uso akautazama ubao.

"Haya, Mwalimu. Huwa mnaanzia wapi?"

Nikachukua chaki.